Sekunde Kumi na Mbili za Mota ya Draya

Swali lililoninyima usingizi mwaka wangu wa kwanza kazini lilikuwa fupi. Karatasi ya waliotengeneza mota ya feni ya draya, mashine ya kukaushia majani ya chai, ilisema kwamba mota ile, ikikwama huku stima inaingia, itavumilia sekunde kumi na mbili. Baada ya hapo waya za ndani zinaanza kuungua. Saa yangu ya mkononi nayo ilisema kwamba feni hiyo hiyo inachukua sekunde kumi na tisa kufika mwendo wake. Kumi na mbili. Kumi na tisa. Nililala chali katika nyumba ya kiwanda nikizigeuza zile sekunde saba za katikati. Kifaa cha kuilinda mota kikiwekwa sawasawa, kitakata stima kabla feni haijaamka, na majani hayatakauka. Kikilegezwa ili feni iamke, basi siku mota itakapokwama kweli hakuna kitakachoiokoa. Sasa nichague lipi?

Nyinyi vijana mliotoka chuoni juzi mtacheka. Siku hizi mna vifaa vinavyohesabu joto la mota vyenyewe, vinavyoangalia kama shafti inazunguka au imesimama, na vinavyopandisha stima polepole kama mtu anayemimina uji kwa mtoto. Sisi mwanzoni mwa miaka ya tisini, katika kiwanda kile cha vilimani kati ya Kericho na Bomet, tulikuwa na kisanduku cha chuma ukutani, kitufe cha kijani, kitufe chekundu, amita moja ya sindano ya kupima stima, na masikio yetu.

Na mimi sikuwa mtu wa masikio. Nilikuwa mtu wa kuwaza. Nikifunga mlango narudi mara mbili kuuhakikisha. Nikiandikiwa barua na Meneja naisoma nikitafuta kosa langu kabla sijafika mwisho wa salamu. Hata leo nimestaafu, friji ya jirani ikianza kunguruma nahesabu kimoyomoyo mpaka itulie, na mume wangu ananiuliza, "Haya, imepona?"

Nianze na jambo ambalo mtu akinielewa hapa ataelewa yote. Mota inapoamka inakula stima kama mara sita ya ile inayokula ikiwa kazini. Ikizunguka, njaa hiyo inapungua haraka, na feni yake ndogo ya nyuma inaipepea. Isipozunguka, stima yote ile inageuka moto humo ndani, na hakuna wa kupepea. Kifaa cha kuilinda, ovalodi, kina vibati vinavyopinda vikipata joto. Vikipinda vya kutosha, vinakata. Kazi yako ni kuhakikisha vinakata baada ya feni kuamka na kabla ya mota kuungua. Nafasi iko hapo katikati. Kwetu sisi haikuwepo, au ndivyo nilivyodhani.

Feni ya draya ndiyo inayosukuma hewa moto kutoka tanuru hadi kwenye majani. Ikisimama, kila kitu kiwandani kinasimama isipokuwa majani yenyewe. Majani yakishakatwa hayasimami. Yanaendelea kuiva pale yalipo, yanabadilika kutoka kijani hadi rangi ya shaba, na yasipokaushwa kwa wakati yanakuwa siki. Hilo lilikuwa likinitia hofu zaidi ya kitu kingine chochote: kwamba kuna kitu mahali fulani kinaiva wakati mimi bado nafikiria.

Nilitoka upande wa Chebunyo, nchi ya ng'ombe na mahindi, na watu wa chai walinikumbusha kila siku. Msimamizi wa draya alikuwa Ochieng', kijana mrefu mwenye mdomo, ambaye babu yake alitoka ziwani kuja kuchuma chai na ukoo mzima haukurudi tena. Siku ya kwanza aliniangalia kuanzia viatu.

"Injinia, huko kwenu chai inamea kweli?"

"Haimei."

"Kwa hivyo mnaijua kwa kikombe tu. Karibu basi. Hii ya kijani ndiyo inakuwa ile nyeusi."

Mkuu wa mafundi alikuwa Mzee arap Sigei, mtu mfupi, mkimya, aliyekuwa akivaa koti la mvua hata jua likiwaka. Hakuwa na cheti chochote, na hapakuwa na mashine kiwandani ambayo hakuwa ameifungua na kuifunga. Mimi aliniita lakwet, yaani mtoto, na sikukasirika, kwa sababu alikuwa na binti wa umri wangu na aliniita kwa sauti ile ile aliyomwitia yeye.

Sasa kosa langu la kwanza. Katika wiki yangu ya tatu nilifungua kisanduku cha ovalodi nikakuta kidude cha kuiwekea kiwango kimezungushwa hadi mwisho kabisa. Maana yake mota ile ilikuwa haina mlinzi. Damu ilinipanda. Nikachukua bisibisi, nikakirudisha kwenye namba iliyoandikwa kwenye bamba la mota, nikafunga kisanduku, nikaandika kwenye daftari langu tarehe na namba. Nilihisi nimeokoa kiwanda.

Sikumwambia mtu. Hilo ndilo kosa, vijana.

Kesho yake asubuhi Ochieng' alibonyeza kijani, feni ikaanza kupanda, ovalodi ikakata. Akabonyeza kitufe cha kuirudisha, akawasha tena. Ikakata. Hakujua kuna kitu kimebadilika, kwa hivyo alifanya kile ambacho mtu yeyote angefanya: aliendelea. Mara sita, harakaharaka, bila kupumzisha. Kila jaribio liliongeza moto juu ya moto. Mara ya sita mota haikunguruma tena, ilitoa harufu. Mtu aliyewahi kuinusa varnishi ya mota ikiungua haisahau. Inashika kwenye nywele.

Mota ilifunguliwa, ikatiwa kwenye pikapu, ikapelekwa Nakuru kusukwa waya upya. Iliyobaki ilikuwa moja, ya akiba, iliyokuwa imekaa stoo chini ya magunia. Meneja aliniita ofisini. Hakupiga kelele, na ningependa angepiga.

"Uliiweka sawasawa, au hukuiweka sawasawa?" aliniuliza.

"Niliiweka sawasawa, bwana Meneja."

"Na ikaungua."

"Ndiyo."

"Basi kuna kitu hujui," akasema, akarudi kwenye karatasi zake.

Alikuwa amesema kweli, na ndiyo maana sikulala.

Arap Sigei alifunga mota ya akiba, akarudisha kidude cha ovalodi hadi mwisho kama kilivyokuwa, akanitazama kana kwamba anauliza kama nina neno. Kisha nikaona kwa mara ya kwanza desturi ya kiwanda kile, ambayo siku nyingine zote walikuwa wakiifanya kabla sijafika kazini. Wanaume wawili walisimama kando ya feni, wakashika mikanda ya mpira inayotoka kwenye mota. Ochieng' alipiga mluzi. Wakavuta kwa nguvu zao zote, feni ikaanza kuzunguka taratibu, na hapo hapo Ochieng' akabonyeza kijani, nao wakaruka nyuma kama watu waliokanyaga siafu.

"Mnafanya nini?" nilipiga kelele.

"Tunaisaidia," Ochieng' akasema akihema. "Stima ya hapa ni ya kuonjesha."

Hakudanganya kuhusu stima. Mchana viwanda vyote vya ukanda ule vikiwa kazini, stima ilikuwa inashuka. Na kumbukeni hili: stima ikishuka sehemu moja ya kumi, nguvu ya mota ya kuamka haishuki sehemu moja ya kumi, inashuka karibu sehemu mbili. Tena stata yetu, kifaa cha kuiwasha mota, ilikuwa ya hatua mbili: hatua ya kwanza inaipa mota theluthi tu ya nguvu ili isishtue laini, kisha inabadilisha. Mota dhaifu, stima dhaifu, feni nzito. Kwa kuivuta mikanda walikuwa wanainyang'anya ile kazi ya mwanzo. Kidole cha shahada cha Ochieng' hakikuwa na ukucha kwa sababu hiyo. Alikuwa akikionyesha kwa wageni kama watu wanavyoonyesha picha ya harusi.

Nilimwambia arap Sigei kwamba siku moja mkanda utaondoka na mkono wa mtu. Akasema, "Najua." Nikamwambia tena mota ikikwama pale hakuna kitakachoikata. Akasema, "Najua, lakwet. Wewe una njia ingine?"

Alinifundisha jambo moja katika wiki hizo ambalo nimelitumia maisha yangu yote. Alinishika mkono, akaweka kiganja changu juu ya mwili wa mota. "Hesabu mpaka tano, polepole. Agenge, aeng', somok, ang'wan, mut. Ukifika mut na mkono bado uko hapo, unaweza washa. Ukitoa mkono mbele ya mut, enda kunywa chai." Mimi nilikwenda kwenye vitabu vyangu nikagundua kwamba kiganja kinachelewa kupata habari, ndani waya zinaweza kuwa zimeshaungua wakati nje bado pana uvuguvugu tu. Kwa hivyo nikaongeza sheria yangu: washa mara mbili mota ikiwa baridi, mara moja ikiwa moto, kisha ngoja, hata kiganja kikisema nini. Niliiandika kwa chaki kwenye mlango wa kisanduku. Ochieng' akaandika chini yake: *Na ukichoka kungoja, oa.*

Niliyaacha maneno yake hivyo hivyo. Siku hizo sikuwa na ujasiri hata wa kufuta chaki.

Siku yenyewe ilikuja baada ya mvua ndefu, wakati majani yanakuja kwa malori mpaka yanakosa pa kushukia. Saa nane mchana stima ilikatika. Ochieng' alitoa kuni tanuruni na kufungua milango yake ili lisipate moto kupita kiasi, na sote tukasubiri. Majani yaliyokuwa yameshakatwa yalikuwa yametandazwa yakiiva kwenye kitanda cha bati cha kuivishia, mzigo wa nusu siku, na kando yake alikuwa amesimama Mama Rispa.

Mama Rispa alikuwa mpishi wa majani, kama nilivyomwita. Kazi yake ilikuwa kusema yameiva. Kulikuwa na saa ukutani na kipimajoto, lakini kiwanda kizima kilifuata pua yake. Alichukua majani kiganjani, akayafinya, akainama, akanusa huku jicho moja amelifumba.

Stima ilirudi, ikiwa imechoka. Taa zilikuwa za njano. Niliangalia kipimo cha volti ukutani, nikatamani nisingeangalia.

"Mama, tuna muda gani?" nikauliza.

"Nusu saa, mwanangu. Labda na dakika kidogo za Mungu. Baadaye ni siki."

Wanaume walishika mikanda. Mluzi ukalia, wakavuta, Ochieng' akabonyeza, nami nikaanza kuhesabu nikitazama amita. Sindano ililala mwisho kabisa upande wa kulia. Moja, mbili, tatu. Feni ilipanda, ikapanda, halafu ikaacha kupanda. Ilikuwa inazunguka nusu mwendo, ikinguruma sauti moja nzito, kama lori lililobeba kupita kiasi kwenye mlima wa Kedowa. Saba, nane. Sindano haikusogea. Kumi. Nilinyoosha mkono nikapiga kitufe chekundu.

"Injinia!" Ochieng' alipiga kelele. "Ilikuwa inakuja!"

"Haikuwa inakuja. Ilikuwa imeganda."

"Umeizima ikiwa njiani!"

Tukajaribu tena, watu wanne kwenye mikanda. Iliganda pale pale. Safari hii niliizima ilipofika tisa, kwa sababu ilikuwa na moto wa mara ya kwanza. Niliweka kiganja. Agenge, aeng', somok. Nilikitoa.

Watu walikuwa wamekusanyika sasa, wa kuchambua, wa tanuru, hata karani wa mizani. Mama Rispa alishika majani mengine akanusa. Wanawake wawili wa kuchambua walichukua magunia matupu wakaanza kuipepea mota, na wengine wakafuata, mpaka ikawa kama wanampepea mtu aliyezimia kanisani. Moto uko ndani, gunia haliufikii, lakini sikuwakataza. Ilikuwa afadhali mikono iwe na kazi.

Meneja akaingia. "Mbona haijawaka?"

"Imejaribiwa mara mbili, bwana Meneja. Imepata moto. Lazima ipumzike."

"Ipumzike na majani je? Arap Sigei, wewe unasema nini?"

Mzee alikuwa ameinama akiangalia mikanda. Alisema pole pole, "Tuweke watu sita. Tuvute mpaka ikamate. Huyu injinia asiguse nyekundu."

"Ikiganda tena na hakuna wa kuizima, itaungua," nikasema. "Na hii ndiyo ya mwisho. Ile ingine bado iko Nakuru."

"Lakwet, ng'ombe akishindwa kuzaa unamsaidia. Unavuta. Huwezi kukaa ukiangalia saa."

Sijui kama ni hofu au hasira, lakini kwa mara ya kwanza tangu nifike pale nilimjibu mbele ya watu. "Mzee, mimi nimezaliwa kwa ng'ombe. Baba yangu havuti kwanza. Anaingiza mkono, anaangalia ndama amekaa vipi. Akiwa amegeuza kichwa, ukivuta unaua wote wawili."

Mtu mmoja nyuma akacheka akajizuia. Arap Sigei akanyooka, akasema neno ambalo sikulitarajia.

"Haya. Ingiza mkono."



Nilizunguka feni. Ninawaambia ukweli: nilizunguka kwa sababu nilikuwa naogopa kusimama mbele yao bila la kusema. Nilikuwa nimeisoma mota ile kwa wiki nyingi, karatasi zake, waya zake, stata yake, sekunde zake. Feni sikuwa nimeisoma. Feni kwangu ilikuwa mzigo tu, namba kwenye hesabu. Sasa niliangalia mdomo wa bomba ambamo inavuta hewa, na kando ya bomba nikaona mpini wa chuma. Mpini ule ulikuwa umefungwa kwenye nguzo kwa waya mnene, na waya na mpini na nguzo vyote vilikuwa vimepakwa rangi moja ya kijivu, mara nyingi, mwaka baada ya mwaka, mpaka vikawa kama sehemu ya ukuta. Nilikuwa nimepita pale kila siku.

Ilikuwa dampa: bati linalofungua na kufunga njia ya hewa. Lilikuwa limefungwa kwa waya likiwa wazi kabisa.

Feni kama ile ikianza na njia yake wazi, inasukuma hewa tangu mzunguko wa kwanza, na kadri inavyoongeza mwendo ndivyo hewa inavyokuwa nzito. Inafika mahali nguvu ya mota na uzito wa hewa vinalingana, na hapo ndipo inapoganda. Ukiifunga njia, feni inazunguka kwenye hewa ile ile iliyomo ndani yake. Mzigo unapungua kama nusu. Zile sekunde kumi na tisa hazikuwa za feni. Zilikuwa za feni iliyowashwa ikiwa imebeba mzigo wake wote. Waliojenga draya ile walijua. Ndiyo sababu waliweka mpini.

"Nani alifunga hii?" nikauliza.

Arap Sigei aliangalia chini. Ochieng' aliangalia pembeni.

Mama Rispa ndiye aliyesema, kutoka pale kwenye majani yake. "Ni meneja wa zamani aliamuru. Zamani walikuwa wanaifunga wakiwasha, wanaifungua ikishika. Siku moja ilisahaulika. Hewa haikupita, mabomba ya tanuru yakapata moto mpaka yakapinda. Tulikaa wiki mbili bila kazi. Ndio akasema isiguswe tena."

"Sema tu, Mama," Ochieng' akasema. "Ilisahaulika na nani? Mimi ndiye nilisahau. Nilikuwa na miezi miwili kazini."

Sauti yake ilikuwa ndogo. Nikaelewa kwa nini alikuwa wa kwanza kushika mikanda kila siku, hata baada ya kung'olewa ukucha. Alikuwa amelipia waya ule kwa miaka, na hakuna aliyewahi kumwomba alipe.

Nilitazama saa. Katika nusu saa ya Mama Rispa zilikuwa zimebaki dakika kumi na nane.

Sasa ndipo akili yangu ilipofanya kile inachofanya. Je, dampa ikiwa imeshika kutu na haifungi? Je, ikifunga na isifunguke? Ikiwa kweli inapunguza mzigo, inapunguza kwa kiasi gani kwa stima hii ya njano? Mota ina moto kiasi gani ndani? Na je, nikikosea mara ya pili, mimi wa Chebunyo, mtoto wa vitabu, mwanamke pekee mwenye bisibisi kiwandani? Niliona mota kwenye pikapu. Niliona malori yakirudishwa, na akina mama kwenye vituo vya kununulia wakimwaga majani mtaroni kwa sababu hakuna pa kuyapeleka.

Na katikati ya hayo yote wazo moja lilisimama peke yake. Wiki zote hizo nilikuwa nauliza nifanye nini ili feni iamke. Sikuwa nimejiuliza: ikikataa kuamka, nataka kupoteza kitu gani? Wao wakivuta na ovalodi ikiwa imelegezwa, wakikosea tunapoteza mota, labda na mkono wa mtu, na kiwanda kinafungwa. Nikirudisha ovalodi kwenye namba yake na nikikosea mimi, inakata. Tunapoteza majani ya leo, basi. Majani ya leo ni mengi, na yana wenyewe. Lakini kesho yatakuja mengine, na mota itakuwepo.

Hapo nikaacha kujiuliza.

"Mzee, nipe koleo."

Arap Sigei alinipa. Nilikata waya mahali pawili. Rangi ilipasuka kama ganda la yai. Mpini haukusogea; mzee mwenyewe akaja na oili na nyundo ndogo, akaugonga taratibu, huku na huku, mpaka ukalia, ukateremka. Tukaufungua, tukaufunga, tukaufungua tena, mara nne. Kisha tukaufunga.

Nilikwenda kwenye kisanduku, nikafungua ovalodi mbele ya macho yao wote, nikakirudisha kidude kwenye namba ya mota. "Nimeirudisha," nikasema kwa sauti, kisha nikasema tena, kwa nguvu zaidi. "Nimeirudisha kwenye namba yake. Ikikata, hakuna wa kuigusa. Tutatupa majani na tutalala na mota yetu."

Meneja alifungua mdomo. Mimi niliendelea kwa sababu nilijua nikinyamaza sitaanza tena. "Na tunangoja dakika kumi. Ipoe."

"Dakika kumi!" mtu alisema.

"Mama Rispa, zipo?"

Alinusa. "Zipo. Hazizidi."

"Watu wote wa mikanda, rudini nyuma."

Walirudi. Dakika zile kumi ndizo ndefu kuliko zote nilizowahi kukaa. Ochieng' alirudisha kuni chache tanuruni. Magunia yaliendelea kupepea. Meneja alitembea mpaka dirishani na kurudi, mpaka dirishani na kurudi, lakini hakunikataza, na mpaka leo namshukuru kwa kutosema kitu kile alichokuwa nacho mdomoni. Niliweka kiganja mara tatu. Mara ya tatu nilifika mut, na mkono ulikuwa bado upo.

Kilikuwa kimebaki kitu kimoja: nani asimame kwenye mpini. Arap Sigei alikuwa tayari ameshasogea kuushika. Ningeweza kumwacha, ndiyo salama. Miezi iliyofuata tulikuja kuunga swichi kwenye mpini ule, stata isiwake dampa ikiwa wazi, na kengele ilie mpaka ifunguliwe, ili isitegemee kumbukumbu ya mtu. Siku ile hapakuwa na swichi wala kengele.

"Ochieng'," nikasema, "kuja ushike dampa."

Alinitazama kama mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake. "Injinia, mimi?"

"Wewe. Nikisema fungua, unafungua."

Mzee alimpisha. Ochieng' alishika mpini kwa mikono miwili, kile kidole kisicho na ukucha kikiwa juu.

Nilibonyeza kijani.

Sindano iliruka kulia. Moja. Mbili. Feni ilianza kunguruma, si ile sauti ya lori. Sauti nyepesi inayopanda, inayopanda. Nne. Tano. Stata ikabadilisha hatua kwa kishindo, taa zikafifia, mtu akashika mkono wa jirani yake. Saba. Nane. Na sindano ikaanguka, yenyewe, kutoka mwisho wa kulia hadi chini, ikatetemeka kidogo, ikatulia.

Ovalodi haikukata.

"Fungua," nikasema.

Akafungua. Feni haikupunguza mwendo, na hewa moto ikaingia kwenye draya.